Nguo za Kuomba

Harufu ya belo la mitumba linapofunguliwa huwezi kuichanganya na nyingine. Ina dawa ya nondo, ina vumbi, ina sabuni ya watu usiowajua. Juzi nilikuwa Malindi, napita sokoni na haraka zangu, mwanamke mmoja akakata mikanda ya belo lake kando ya njia, na harufu ile ikanisimamisha. Yule mwanamke akadhani amepata mteja, akanitundika blauzi tatu begani kabla sijafungua mdomo. Nikanunua moja kwa aibu. Hainitoshi hata kwa dua.

Kwetu ni Garsen, na mimi nimelelewa ndani ya harufu hiyo. Baba alilima kando ya mto, mahindi na migomba, na mpunga mwaka ambao maji yalikuja kwa adabu. Mama aliuza mitumba sokoni. Watu walimwita Mama Esta, kwa jina la dada yangu mkubwa, na ulimi wake ulijulikana mpaka Minjila. Belo likishushwa kutoka juu ya basi la Mombasa, wanawake walikuwa wameshamzunguka, kila mmoja anataka awe wa kwanza kuchagua. Nguo za juu, zile safi zisizopungukiwa hata kifungo, ziliitwa kamera. Zilizobaki chini baada ya kila mtu kuchagua, zenye madoa, zenye zipu zilizokufa, soksi za mguu mmoja, ziliitwa fagia, kwa sababu kilichobaki hapo ni kufagia tu.

Fagia ilikuja nyumbani. Sijaona nyumba iliyojua kutumia nguo mbovu kama yetu. Suruali ya jinzi ikikatika magotini, miguu yake ilishonwa chini ikawa mifuko ya mbegu, na sehemu ya juu ikawa kaptura ya baba ya shambani. Sweta lililotoboka lilifumuliwa, uzi ukazungushwa kwenye gunzi la hindi. Fulana zilichanwa vipande virefu zikasukwa kamba za mbuzi. Leso ndiyo iliyokuwa na safari ndefu kuliko zote: kwanza kanisani, halafu sokoni, halafu jikoni, halafu mbeleko, halafu winda za mtoto wa jirani, mwisho tambara la kuepulia sufuria. Ikishaungua vya kutosha ikawekwa mlangoni tupangusie miguu. Mama alikuwa na cherehani ya mkono, na jioni aliiweka barazani akashona huku akizungumza na kila apitaye njiani.

Hadi hapo hakuna cha ajabu. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo. Cha ajabu kilikuwa nguo zangu mimi.

Esta alivaa kamera. Kila Krismasi, na mara nyingine bila Krismasi, mama alimtengea gauni kabla wanawake hawajaingiza mikono. Mimi sikutengewa. Wala hata fagia sikupewa. Mimi nilivaa nguo za kuomba. Mama, mwenye turubai zima la nguo sokoni, alinishika mkono tukaenda nyumba kwa nyumba kuomba nguo kuukuu, na jinsi alivyoomba sijamwona mtu mwingine akiomba vile. Alisimama mlangoni akasema, "Mna tambara lolote la hiki kitu changu?" Mwenye nyumba akileta gauni lililopauka, mama alibenua midomo: "Hili si la kudekia?" Akalipokea kwa ncha za vidole. Asante hakusema. Na yule mwenye nyumba, badala ya kukasirika, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Hata kitoto chenyewe kibaya." Halafu wakaagana vizuri tu, wakiulizana habari za shamba.

Tukifika nyumbani mama alilikata gauni lile kwa kimo changu na kulishona. Alijua kutia kiraka usikione hata ukitafuta. Wateja walimletea suruali za waume zao kwa sababu hiyo. Changu alikitia kwa uzi wa rangi nyingine, tena kifuani. Shuleni waliniita Kiraka.

Sasa mtoto wa miaka minane anayeona haya yote utamtaka afikiri nini? Siku moja tulikuwa jikoni tunachambua mchicha, nikamuuliza Esta kwa nini mama ananifanya hivi. Esta hakuinua hata kichwa.

"Wewe hukuzaliwa hapa," akasema. "Mama alifungua belo, akauza kamera yote, mwisho kabisa akakukuta wewe kwenye fagia."

"Mwongo."

"Haya, basi muulize mama kwa nini hakukuuza."

Nilimwamini. Kila nilichokijua kilikubaliana na maneno yake. Belo ni kubwa, mtoto mchanga anaenea. Mama mwenyewe aliniita kitu. Nyuma ya shingo nilikuwa na kovu dogo, sijui la jipu gani, nami nikakata shauri kwamba hapo ndipo ilipokuwa lebo. Tangu siku hiyo kila belo likifunguliwa nilijipenyeza mbele kabisa kuona kama ametoka mtoto mwingine, na mama akawa ananifukuza nisikanyagwe. Nilikuwa mtoto mwerevu darasani, msifikiri vingine. Werevu haukunisaidia kitu.

Lakini kutoka kwenye belo hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mama alikuwa na sindano, alikuwa na nguo, alikuwa na mikono ile, na kama angetaka angeweza kunigeuza kamera kwa jioni moja tu. Hakutaka. Nilimpenda mama yangu kwa njia ya kuchosha. Nilimfuata kama mkia, nilimbebea vitu ambavyo hakuniomba nivibebe, nikingoja abadili mawazo.

Ikaja Jumapili ya watoto. Mwalimu wetu wa Sunday school alinichagua nisimame mbele ya kanisa niseme aya sita kwa moyo, kwa sababu nilikuwa na kumbukumbu nzuri na sauti ya kusikika. Mama aliniandalia gauni: la kahawia, limetoka kwa jirani, viraka viwili. Asubuhi alitangulia kanisani na akina mama wenzake kupanga viti, Esta akaenda naye. Nilipobaki peke yangu nilifungua gunia ambamo mama aliweka nguo za wateja walioahidi kurudi. Nilikuwa nalijua ninalolitafuta. Lilikuwa gauni la manjano, lina kola nyeupe na mifuko miwili, na kila kifungo chake kipo. Nililivaa. Nilitia mikono mifukoni nikaitoa, nikaitia tena. Nikaenda kanisani.

Nilipopita mbele watu waligeuka. Nilisema aya ya kwanza, nikasema ya pili, na mama mmoja wa benchi la mbele akamwambia mwenzake, si kwa kunong'ona, "Si huyu ni mtoto wa Mama Esta? Jamani, amependeza." Nilisikia utamu mpaka kwenye nyayo. Ndipo nikamwona mama anainuka. Alikuja mpaka mbele, mbele ya pasta na watu wote, akanishika mkono akanitoa nje kwa mlango wa pembeni, aya nne zimebaki.

Nyuma ya kanisa palikuwa na tangi la maji. Alinisimamisha hapo akaanza kunivua. Nilijikaza nikingoja kofi, na kofi halikuja. Kifungo cha shingoni kilimshinda, akainama akakikata kwa meno. Alifungua leso aliyojifunga kiunoni akanifunga mimi.

"Nani amesema umependeza?" akaniuliza.

"Yule mama wa mbele."

"Nani mwingine?"

"Sijui. Watu walikuwa wanatazama."

"Wamesema kwa sauti?"

Nilidhani anatafuta mteja. Kweli kabisa, nilifikiri anataka kujua nani atalinunua gauni hilo sasa kwa kuwa limeshavaliwa na fagia. Nililia, yeye akanivuta mkono tukaenda nyumbani, na gauni lile sikuliona tena.

Siku ya tatu nikaugua. Ilianza na kichwa, halafu baridi, halafu nikawa naona kuta zinakuja na kurudi. Kwetu homa ni kitu cha kawaida, mvua zikishanyesha na mto ukimwagika mabwawa yanajaa mbu, na kila mtoto ana zamu yake. Mimi zamu zangu nilikuwa nimezipita nyingi. Hii ilikuwa nyingine. Sikuweza kushika kikombe. Baba alikuwa shambani ng'ambo ya mto, hakuna wa kumfuata. Mama akanibeba mgongoni, mtoto wa miaka minane, miguu inaning'inia mpaka magotini kwake, akanipeleka zahanati kwa miguu. Walinidunga sindano, wakampa mama vidonge, wakamwambia joto lisiposhuka anirudishe.

Kurudi, mama hakufuata njia ya nyumbani. Nilikuwa nimelaza shavu mgongoni kwake na niliona tu kwamba vichaka vimebadilika. Tulikuwa tunaelekea upande wa wafugaji, kwenye nyumba za Waorma. Hilo lilinizindua hata na homa yangu, kwa sababu siku zile watu wetu na watu wao walikuwa wamekosana. Ng'ombe waliingia mashambani, watu wakapigana, na kila upande ulikuwa na majeruhi wake na hasira yake. Soko lenyewe lilikuwa limegawanyika. Mwanamke wa Kipokomo hakwenda kule peke yake, na baba alikuwa amemkataza mama kwa maneno makali.

Mama alisimama nje ya ua wa miiba akapiga hodi. Vijana wawili waliokuwa wamekaa na fimbo zao wakasimama. Akapiga hodi tena, akasema anamtaka Mama Asha.

Mama Asha nilimjua. Kabla ya ugomvi alileta maziwa sokoni, akakaa karibu na turubai letu, na nguo zangu nyingi zilikatwa kutoka madera yake. Alitoka akijifunika kichwa, akawaambia wale vijana neno kwa Kiorma wakakaa chini. Alitutazama.

"Mama Esta, wewe nakuja hapa leo?" akasema. "Hakuna mtu nakwambia njia mbaya?"

"Nipe nguo," mama akasema. Nilingoja aongeze maneno yake ya siku zote, tambara, kitu, la kudekia. Hakuongeza. Sauti ilikatika hapo hapo, na mgongo wake ukaanza kutikisika chini ya kifua changu. Mama yangu mwenye ulimi alikuwa analia mbele ya watu.

Mama Asha alikuja akaweka mkono kwenye paji la uso wangu. "Hii ndiyo ya baada ya wale wawili?"

"Ndiyo yeye."

"Wale wawili, wote homa?"

"Wote homa. Wa kwanza alikuwa na mwaka, wa pili hakufika. Wote niliwavisha vizuri, Mama Asha, nguo mpya za belo, nilikuwa najivunia. Watu waliwasifu. Huyu nilisema sitamvisha kitu kizuri. Miaka minane sijamvisha kitu kizuri. Jumapili nikageuza macho kidogo tu, akavaa, watu wakamsifu kanisani."

"Hiyo nguo iko wapi?"

"Nimeichoma."

Nilikuwa macho kabisa. Niliyasikia maneno hayo kwa sikio lililokuwa juu ya mgongo na kwa lile la nje. Sikuwa na habari kwamba kati ya Esta na mimi kulikuwa na wengine wawili; nyumbani hawakutajwa hata siku moja. Lakini kilichonigonga kwanza, maana mtoto ni mtoto, ni lile gauni. Nilijua mama hatupi hata uzi. Nilijua tambara la sufuria lina maisha mengine mbele yake. Na alikuwa amechukua gauni zima la manjano, lenye mifuko miwili na mteja wake, akalitia moto.

Mama Asha aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa dera jingine, na lile alilokuwa amelivaa amelishika mkononi, lina joto lake bado, linanuka maziwa na moshi. Alinifunika nalo juu ya mgongo wa mama, akachomeka pembe zake kwenye mbeleko. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama kama walivyonitazama wote.

"Kitoto kibaya," akasema. "Nani nataka hii?"

"Na nguo yenyewe mbovu," mama akajibu, kwa shida.

"Mbovu kabisa. Peleka."

Hakuna aliyesema asante. Nilianza kuelewa hapo kwamba maneno yale hayakuwa yananisema mimi. Yalikuwa yanaambiwa mtu mwingine, yule aliyewachukua wale wawili walionitangulia, ili asikie kwamba hapa hakuna cha thamani na apite zake. Mama Asha alitusindikiza mwenyewe mpaka barabarani, na wale vijana na fimbo zao wakiwa nyuma, na hakuna aliyetugusa.

Nikapona. Mimi leo ni mtu mzima, nimesoma, najua ni sindano na vidonge vilivyoniponya, na najua kilichoniuma ni mbu na si sifa za mama wa benchi la mbele. Sijui kama kumficha mtoto hivi ndani ya nguo za kuomba ni desturi ya Wapokomo wote au ni ya nyumba yetu tu. Nimewahi kumsikia mwanamke wa Kigiriama akisema bibi yake naye alifanya hivyo. Mama alikuwa mshirika mwaminifu wa kanisa, na pasta angejua angemwita ofisini. Kwa hiyo hakuwahi kunieleza, nami sikumwambia kwamba nilisikia. Tuliendelea kuomba nguo. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa namsaidia. Tukifika mlangoni nilinuna, nilivuta kamasi, nilisimama kwa mguu mmoja nionekane mbaya zaidi, na mama alipobenua midomo kulitukana gauni mimi nilikuwa nazuia kicheko. Esta alipoanza tena hadithi ya fagia nilimwacha aseme mpaka achoke. Nilikuwa na furaha ambayo hakuijua. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anisamehe.

Iliendelea hivyo mpaka nilipovunja ungo. Wiki hiyo mama alipokea belo, na badala ya kulifungulia sokoni alilikata mikanda yake nyumbani, mlango umerudishwa, mimi na yeye tu. Alisogea kando.

"Chagua," akasema.

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa na miaka mingi ya kujua nguo za wengine. Nilichagua taratibu, nikarudisha, nikachagua tena, na mwisho nikashika gauni la buluu la mikono mirefu, la kawaida sana, Esta asingeligeukia. Mama alinipima nalo mgongoni. Alilishusha. Akanipima tena, ingawa lilinitosha na aliona linanitosha. Alikaa nalo mapajani muda mrefu akipekua mishono, nikaogopa amebadili nia.

"Umekuwa mkubwa," akasema mwishowe. "Nadhani sasa utakaa."

Siku hiyo hiyo nilikwenda nalo sokoni. Nilikaa nyuma ya turubai nikakunja nguo, yeye akauza. Wakaja wanawake, wakashika hiki na kile, na mmoja akanitazama akafungua mdomo. Mama akamkatiza, akamuuliza habari za mumewe. Nilitikisa sweta moja ili nilikunje vizuri, vumbi likaniingia kooni, nikakohoa. Mara mbili tu. Mama alikuwa katikati ya kupatana bei na mteja mzuri, mwenye pesa mkononi. Aliacha neno hewani, akageuka, akaniwekea kiganja shingoni, halafu kwenye paji la uso, halafu shingoni tena.

"Ni vumbi, mama," nikamwambia.

"Najua."

Lakini mkono hakuuondoa. Yule mteja aliuliza bei mara ya pili, na mara ya tatu, akachoka, akaenda kununua kwa jirani.